Mlima Ambao Mama Alimwahidi Mungu

Mwanangu, sogea hapa karibu, na hiyo simu ilaze kifudifudi kidogo. Ipo Jumamosi moja ya kiangazi ambayo sijachoka kuisimulia, na nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mjomba wako Byamungu. Yeye akiisimulia hujifanya hakukimbia mlimani na viatu vyake vya kanisani. Alikimbia. Nilimwona kwa macho yangu.

Leo mvi zimenijaa, lakini wakati ule nilikuwa kijana, na magoti yangu yalikuwa yananitii. Nilikuwa nimekaa Buffalo muda mfupi tu, nikifanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja huko Kenmore. Na nilikuwa mtu wa maswali. Kwa nini mbwa anavalishwa koti? Kwa nini jirani anakata nyasi kila wiki na hana ng'ombe? Mume wangu wa wakati huo, yaani huyu huyu baba yako, alikuwa akinivuta mkono madukani ili nisimuulize mtu wa watu kwa nini ananunua maboga asiyoyala. Sikuacha. Mpaka leo sijaacha, na ndiyo maana nimekuita hapa.

Basi pale kazini kulikuwa na dada mmoja, mzaliwa wa Buffalo, ambaye kila Jumatatu alirudi na picha za milima kwenye simu. Yeye juu ya jiwe, mbwa wake juu ya jiwe, yeye na mbwa wakila juu ya jiwe. Siku moja nikamuuliza, huko juu huwa mnafuata nini? Hakuelewa swali. Nikalifafanua: ni kuni, ni maji, au mna mashamba huko? Alicheka mpaka akaketi. Akaniambia wanapanda, kisha wanashuka, basi. Akaniambia kuna mlima mmoja katika safu ya Adirondack, unaitwa Cascade, ambao hata nyanya na wajukuu wanaupanda, na siku za Jumamosi magari hujipanga kando ya barabara utadhani kuna harusi.

Nilikwenda nyumbani nikiwaza. Wewe umezaliwa huku, kwa hiyo itakubidi unisikilize vizuri hapa. Sisi tumetoka milima ya juu ya Uvira. Kwetu mlima una kazi. Unaupanda kwenda shambani au sokoni, na mzigo kichwani. Unaupanda ukikimbia bunduki. Na unaupanda kuomba. Mtu wa kwetu akikuambia kwamba kesho atakuwa mlimani, usimtafute kwa chakula, maana atakuwa amefunga. Tena wengi hufunga kavu, bila chakula wala tone la maji, mpaka watakaposema amina ya mwisho. Kupanda mlima kwa kuutembelea tu, kama unavyomtembelea shangazi, sikuwahi kukusikia.

Lakini kilichonikosesha raha jioni ile ni Mama. Mama yangu alikuwa na deni na Mungu, na deni lenyewe lilikuwa mlima.

Vita ilipofika kwetu, Mama alitukimbiza watatu. Byamungu, mkubwa wetu, alikuwa na miaka kama kumi. Mimi nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni matope na migongo ya watu. Faustin, kitinda mimba, alikuwa amebebwa. Baba alikuwa ameshuka mjini siku hiyo na hatukumwona tena. Njiani, katika msongamano wa wanaokimbia, Byamungu akapotea. Mama akamwekea Mungu nadhiri palepale mlimani, kwamba akiwaona tena watoto wake watatu pamoja, atapanda mlima kumshukuru. Byamungu alipatikana baada ya miaka mingi, katika kambi nyingine, akiwa na ndevu. Ila kila mmoja alikuja Amerika kwa njia yake. Yeye alipelekwa Louisville, akapanga nyumba pale Highview, akawa anapakia mizigo ghalani siku za kazi na kuhubiri Jumapili. Mama na Faustin walipelekwa Columbus, wakakaa Whitehall. Mimi na baba yako tukaangukia Buffalo. Kwa hiyo hata huku Amerika, Mama hakuwahi kutuona watatu tumekaa mahali pamoja. Huyu akipata likizo, yule yuko zamu.

Tulichokuwa nacho ni simu. Kila alfajiri tulikutana kwenye simu kuomba, miji mitatu kwa pamoja, na Byamungu ndiye aliyeongoza. Nikawaambia habari za Cascade. Mama akaanza kulia kwenye simu. Daktari alikuwa amemwambia magoti yake yameisha, na mwaka unaofuata huenda ngazi za nyumba yake tu zingemshinda. Na pale Ohio alipokuwa, nchi ni tambarare hata ukitafuta kilima cha kusimamia hukioni. Aliogopa kufa na nadhiri mkononi. Hilo ndilo lililokuwa likimtesa, na alilisema waziwazi.

"Bon, mwaka huu njo mwaka," Byamungu akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambako njo ni ndio, paka ni mpaka, na juu ni kwa sababu. "Tutapanda paka kule kwa kichwa ya mulima. Na tutafunga kavu, siku nzima, juu nadhiri si kitu ya kuchezea."

"Ni sawa, mutoto yangu," Mama akajibu.

Tukabadilishana zamu na watu, tukaomba ruhusa, tukabembeleza mabosi. Byamungu akaendesha kutoka Louisville, akawapitia Mama na Faustin Whitehall, wakafika kwangu Ijumaa. Mwanangu, sikuweza kumpikia mtu siku ile, Mama alininyang'anya jiko. Alikaanga ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, akapika sombe ya majani ya mihogo, akasonga ugali na kuufunga kwa karatasi za plastiki, chakula cha kushibisha kijiji. Byamungu akasema vizuri, kitabaki garini, tutafungulia tukishashuka. Mama akamwangalia, akaendelea kufunga vyombo.

Tukaondoka Buffalo kabla ya mapambazuko, mimi, ndugu zangu na Mama, koo zikiwa zimeanza kukauka. Ni mwendo mrefu, saa nyingi za mashamba na mabwawa, halafu milima inakuja ghafla. Nilibandika uso kwenye kioo. Sikuwa nimeona milima tangu utotoni, na nilishangaa kwamba moyo wangu ulidunda kwa hofu kwanza kabla ya furaha. Nikamtazama Mama. Yeye alikuwa akihesabu vilele kwa kidole, midomo ikicheza.

Magari yalikuwa yamejaa kweli. Watu walikuwa na kaptula, fimbo mbili mbili, chupa za maji zinazoning'inia kila upande. Na sisi? Mama alivaa kikwembe, kitenge chake kizuri, na raba nilizomnunulia. Byamungu alivaa shati jeupe na viatu vyeusi vya kung'aa, kwa sababu alisema hatumwendei Mungu na kaptula. Hatukubeba hata chupa moja. Tuliingia njiani tukiimba, na watu walitupisha wakitabasamu. Kila mmoja alitusalimia. Nilitaka kumsimamisha kila mmoja nimuulize, wewe nawe unafuata nini huku, lakini Byamungu alinikazia macho.

Njia yenyewe si ya mchezo. Ni mawe, mizizi, matope, na kupanda tu. Mwanzoni Mama alitushinda wote, miguu yake ilikumbuka. Halafu jua likapanda, na mbu wa msituni wakatupata. Nyimbo zikaanza kukatika katikati. Nikaona Mama anashika miti. Nikaona midomo yake imekuwa myeupe. Tulipofika kwenye jiwe moja pana kando ya njia, akaketi bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Yaya, mama iko nachoka," Faustin akamwambia kaka yake mkubwa, Byamungu. "Angalia miguu yake vile inatetemeka."

"Shetani njo anatufunga njia," Byamungu akasema. Naye sauti yake ilikuwa imekauka kama karatasi. "Donc, tupumue kidogo, tuombe, tuendelee. Hatuwezi kuvunja nadhiri ya mama pa mulango."

Usimcheke mjomba wako, mwanangu. Alikuwa anampenda Mama kwa nguvu zake zote, na aliogopa kwamba tukirudi bila kufika, Mama angekufa na huzuni na kosa lingekuwa lake. Faustin akataka tumbebe Mama kumrudisha garini. Byamungu akataka tumbebe kumpeleka juu. Wakaanza kubishana, mmoja ameshika mkono huu na mwingine mkono ule, na Mama katikati amefumba macho.

Kwenye jiwe lile alikuwepo bibi mmoja wa kizungu, mwembamba, ana fimbo mbili na kofia iliyochakaa. Alikuwa anakula mkate wake taratibu. Aliona hali ya Mama, akanipa chupa ya maji. Nikaishika tu. Nikamweleza, kwa Kiingereza changu cha wakati ule, kwamba Mama amefunga, hawezi kunywa mpaka kileleni. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, swali langu la wiki nzima likatoka lenyewe. Nikamuuliza yeye alikuwa anafuata nini huku juu.

Akafikiri. Hakucheka kama yule dada wa kazini. Akaniambia amezaliwa Uskoti, katika nyanda za juu za huko, chini ya mlima uitwao Ben Nevis. Akasema majira ya joto watu huupanda kwa maelfu, njia inajaa kama barabara ya sokoni, na wengi wakifika kileleni hawaoni kitu, maana juu kuna ukungu karibu siku zote. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wanapanda mpaka kwenye kiziwa kimoja katikati ya njia, wananywa chai ya chupa, wanashuka. Miaka na miaka. Nikamuuliza, hamkuona aibu kushuka bila kufika? Akanitazama kwa mshangao mkubwa, akasema wao walikuwa wamefika, chai ndiyo waliyoifuata.

Kisha na yeye akaniuliza swali. Mama yako aliahidi nini hasa?

Nilikuwa na maneno ya Byamungu tu. Habari ya nadhiri ile niliisikia kwenye mahubiri yake, kwenye mikutano, kwenye simu ya alfajiri, na kila mara ilikuwa ndefu zaidi na mlima ulikuwa mrefu zaidi. Na Byamungu mwenyewe hakuwepo nadhiri ilipowekwa. Alikuwa ndiye aliyepotea!

Nikapiga magoti mbele ya Mama, nikaiondoa mikono ya ndugu zangu.

"Mama, ile siku kule kwetu, ulimwambia Mungu nini? Nataka maneno yenyewe, vile uliyasema."

Akafumbua macho. "Weye unaniuliza?"

"Njo ninakuuliza, Mama."

"Hakuna mutu aliniulizaka," akasema. "Byamungu njo anasemaka ile habari ku kanisa. Miye ninaitikaka amina."

Byamungu akataka kusema kitu. Faustin akamshika bega kumzuia.

"Ile siku nilikuwa nimepika," Mama akasema. "Maharagi ilikuwa ku moto. Bunduki ikaanza, tukaacha sufuria pale pale. Weye Byamungu ulikuwa unalia njaa mu njia. Unasema mama, nipe kitu, mama, nipe kitu. Mi nikakupiga. Nikakuambia tembea! Nyuma kidogo ninageuka, mutoto haiko."

Watu walipita na mbwa wao, wakasema habari za asubuhi, wakaenda.

"Njo nikamwambia Mungu: ukinirudishia batoto yangu yote tatu, nitapanda nabo mulima, tutaikala chini, na ule mutoto atakula paka ashibe. Na hakuna mutu atamwambia tembea. Sikusema kichwa ya mulima. Sikusema kufunga."

"Sasa mbona hukusema, Mama?" Faustin akauliza.

"Nilizani munajua," akasema. "Tena nilizani labda mulima ya Amerika iko na sheria yake."

Mwanangu, nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, sikujua kipi kilianza. Byamungu hakucheka. Alikuwa amekaa chini kwenye matope na suruali yake ya kanisani, anamtazama Mama kama mtoto.

"Mi siikumbuke ile njaa, Mama," akasema.

"Miye ninaikumbukaka kila siku," Mama akamjibu.

Hapo ndipo alipokimbia. Aliinuka, akashuka njia ile mbio, shati jeupe linapepea, viatu vinateleza kwenye mizizi, wapanda mlima wanamkwepa. Mara mbili tulisikia ameanguka. Mimi nikampa Mama maji ya bibi yule, akanywa polepole, akashusha pumzi ndefu. Tulingoja sana. Byamungu aliporudi alikuwa amelowa jasho, sombe chini ya kwapa, ndagala kifuani, ugali kichwani kama mama wa sokoni, na kiatu kimoja kimefumuka.

Mama akanawisha mikono yetu kwa maji yaliyobaki kwenye chupa. Akakata ugali, akatandaza vyombo juu ya jiwe. Tonge la kwanza akalitengeneza mwenyewe, akaweka ndagala juu yake, akamlisha Byamungu kwa mkono wake. Mtu mzima, mchungaji wa watu, ana watoto wanne. Alitafuna huku machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu. Alipotaka kuinuka aombe sala ya shukrani, Mama akamshika shati, akamwambia akae, ale. Akala. Akaongezewa, akala tena, mpaka akasema Mama, nimeshiba. Mama akamwambia alirudie neno hilo. Akalirudia. Ndipo Mama akafumba macho na kumshukuru Mungu kwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kumsikia akiomba.

Yule bibi wa Uskoti tulimkaribisha. Alikula ndagala na vichwa vyake, akaomba aongezewe.

Baada ya kula, rangi ya Mama ikarudi, na kumbe mimi maswali nimeyarithi kwake. Akaniuliza, huko juu kuna nini hasa wanachokwenda kukitazama hawa? Nikamwambia sijui. Akasema yeye ameshafika, lakini sisi tuna miguu, twende tukaone tumletee habari. Tukamwacha na bibi yule, hawana lugha ya pamoja, wanaonyeshana picha za wajukuu.

Tulipanda watatu, tumeshiba, hatuna mzigo, hakuna anayetufukuza. Sikuwahi kutembea hivyo mlimani maisha yangu yote, na nilitaka njia isiishe. Juu ni mwamba mtupu, na milima imezunguka kila upande, ya buluu, mingine nyuma ya mingine. Watu walikuwa wamelala chali juu ya mawe. Alikuwepo na kijana mmoja ambaye kazi yake ni kuwaomba watu wasikanyage majani madogo yanayoota kwenye nyufa za mwamba. Byamungu akamuuliza majani yale yanaitwaje, yanaishi vipi baridi ya huku, nani alimfundisha. Nikamtazama kaka yangu. Sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu kitu ambacho hakijui.

Tuliposhuka, Mama alitaka vyote. Upepo ulikuwaje? Tuliona maji? Huyo kijana wa majani analipwa na nani, na analinda ili nani ayale? Tulimsimulia njia nzima mpaka kwenye gari, tukimshika huku na huku, na alikuwa hajaridhika bado tulipofika Buffalo.

Mama alituacha miaka michache baadaye, pale Whitehall, kitandani mwake. Alikufa hana deni. Ningekuwa nasema uongo nikikuambia kwamba haiumi, lakini nikikumbuka jiwe lile nalala vizuri.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu, nami naisema wazi ili usije ukasema hukunielewa. Unataka kumfanyia mtu jema, hasa mzazi wako, muulize kwanza anataka nini, na umwache ajibu kwa kinywa chake. Usimwulize jirani yake wala mchungaji wake. Usijiulize wewe mwenyewe ukajijibu. Sisi tulimpenda Mama kiasi cha kumshindisha njaa siku aliyoahidi kumshibisha mwanawe. Tungemburuta mpaka kileleni, tukamwombea na kumpigia vigelegele, naye angesema amina na kushuka na nadhiri yake ileile, wala tusingejua kamwe. Watu wetu waliopita kwenye vita wana mambo mengi waliyoyanyamazia, si kwa sababu wanaficha, ni kwa sababu wanadhani tunajua. Waulize wangali wanapumua. Waulize kwa Kiswahili kama unakiweza, na kama hukiwezi, kwa hicho ulicho nacho, lakini waulize.

Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza na sikio lisilo na haraka. Akupe ndugu wa kukaa nao chini, mahali ambapo hakuna anayewaambia tembeeni. Na akujalie, siku moja, umsikie mtu unayempenda akikuambia nimeshiba, na uwe wewe uliyemlisha.